Tangi Kabla ya Pazia

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, miji ya Homa Bay, Migori, Rongo, Awendo na Mbita imepata aina ya nyumba ambayo zamani ilikuwa nadra huko: nyumba ya kukodisha iliyokwisha kuwekwa kitanda, sofa, friji na sufuria, ili mpangaji aingie na sanduku la nguo tu. Pamoja na nyumba hizo umekuja mtindo wa kuzipamba. Ukuta mmoja hupakwa rangi ya kijivu iliyokoza, zulia la nyasi bandia hutandikwa kwenye roshani, mkanda wa taa za rangi huzungushwa nyuma ya runinga, maua ya plastiki hukaa mezani, kisha picha hupigwa na kusambazwa kwa WhatsApp na Facebook. Mtindo huu ni wa Kilimani na Kileleshwa, mitaa ya Nairobi inayopokea watu wa wikendi na watalii wa kupita. Ulipofika kando ya Ziwa Viktoria haukuulizwa swali ambalo lingeubadilisha: mpangaji wa huku ni nani, naye anaogopa nini? Maoni yangu ni kwamba swali hilo likijibiwa kwa makini, urembo wa nyumba hupewa kazi nyingine. Kazi yake ya kwanza huwa kuthibitisha kwamba nyumba inakalika, na kupendeza kunafuata nyuma.

Tuanze na mpangaji. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,131,950 katika Kaunti ya Homa Bay na 1,116,436 katika Migori, wengi wao wakiishi mashambani, katika boma zao wenyewe. Mwenyeji aliyefanikiwa ana dala yake, yaani boma, kijijini; akipata kazi mjini hupanga nyumba tupu, akaleta kitanda chake, na Ijumaa akarudi nyumbani. Anayetafuta nyumba yenye fanicha ni mtu wa kuletwa na kazi. Ni daktari aliyehamishiwa hospitali ya rufaa ya kaunti, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopata hati yake mwaka 2016, au wa Chuo Kikuu cha Tom Mboya kule Homa Bay. Ni mtafiti wa wadudu katika kituo cha icipe cha Mbita, mhandisi wa barabara, mkaguzi wa hesabu, wakala wa forodha anayeshinda mpakani Isebania, mnunuzi wa dhahabu ya Nyatike, au afisa wa mradi wa afya wa shirika kama Lwala karibu na Rongo. Ni fundi wa mitambo aliyefika Awendo baada ya serikali kukikodisha kiwanda cha sukari cha Sony kwa miaka 30 mnamo 2025. Watu hawa hawafanani kwa kabila, kwa umri wala kwa mshahara, lakini wanafanana kwa mambo matatu. Ukaaji wao una tarehe ya mwisho. Familia yao imebaki kwingine. Na wengi huichagua nyumba kabla hawajaiona, wakiwa Nairobi, Eldoret au Machakos, kwa picha zilizotumwa na dalali au kwa neno la mwenzao wa ofisini aliyetangulia.

Mtu wa namna hiyo ananunua muda. Hataki kupoteza mwezi wake wa kwanza kazini akitafuta fundi wa kuunganisha meko ya gesi, wala kulipa lori la kuleta kabati na, baada ya miezi minane, lori lingine la kulirudisha. Ndiyo maana yuko tayari kulipa zaidi ya jirani yake wa nyumba tupu. Na ndiyo maana hasira yake huwa kubwa zaidi akifika akute mfereji mkavu. Sheria nayo iliutambua ukweli huo mapema. Mwaka 1843, katika kesi ya Smith dhidi ya Marrable, mahakama ya Uingereza ilisikiliza habari za familia iliyopanga nyumba yenye fanicha katika mji wa Brighton, ikakuta kunguni, ikahama kabla muda haujaisha. Mwenye nyumba alidai kodi yake, akashindwa. Majaji walisema kwamba anayekodisha nyumba yenye fanicha ameahidi, hata bila kutamka, kwamba nyumba hiyo inafaa kukaliwa siku ile ile mpangaji anapoingia. Kwa nyumba tupu sheria hiyo ya zamani haikuweka ahadi kama hiyo. Mpangaji alitarajiwa kujichunguzia mwenyewe. Nchini Kenya, ambako mahakama bado hutumia kanuni za Kiingereza zilizokuwapo tarehe 12 Agosti 1897 pale zinapofaa, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imeieneza ahadi ya nyumba kukalika kwa makazi yote ya kukodishwa. Lakini ile tofauti ya 1843 ina maana mpaka leo: anayeweka kitanda ameshasema kwamba mtu anaweza kulala hapa usiku wa leo. Kitanda ni kauli. Mbu, kunguni na tangi tupu huigeuza kauli hiyo kuwa uongo.

Je, mapambo yenyewe yana nguvu kiasi gani? Ushahidi uliopo ni wa nchi za nje, na unahitaji kusomwa kwa tahadhari, lakini unaelekea upande mmoja. Mwaka 2015, watafiti Lane, Seiler na Seiler walichapisha jaribio walilofanya Marekani, ambamo watu walionyeshwa nyumba ile ile ikiwa na fanicha nzuri, mbaya au bila fanicha, na kuta za rangi tulivu au ya kuchukiza. Fanicha na rangi zilibadilisha maoni ya watu kuhusu jinsi nyumba inavyokalika, lakini hazikubadilisha bei waliyokuwa tayari kulipa. Hilo lilikuwa soko la kununua, wala si la kupanga. Karibu zaidi na mada yetu ni kazi ya Zhang, Mehta, Singh na Srinivasan, waliochunguza picha za nyumba zilizotangazwa Airbnb. Picha bora kabisa huleta wageni haraka, ndiyo. Tatizo ni kwamba picha hizo hupandisha matarajio, na mwenye nyumba asiyeweza kuyafikia huishia kupata wageni walioudhika na sifa iliyopungua. Kwa wenye nyumba wa aina hiyo, picha ya wastani na ya kweli iliwafaa zaidi kwa muda mrefu. Katika miji midogo adhabu hiyo ni kali kuliko mtandaoni. Mji wa Homa Bay una ofisi chache, na wapangaji wa nyumba hizi wanakula chakula cha mchana katika mikahawa ile ile. Anayeondoka humwachia anayeingia namba ya simu, au humkanya.

Hesabu nazo zinasema hivyo hivyo. Tuchukue mfano wa kubuni wa nyumba ya chumba kimoja cha kulala ambayo ikiwa tupu hukodishwa kwa shilingi 15,000 kwa mwezi, na ikiwa na fanicha kwa shilingi 27,000. Tuseme vyombo vyote viligharimu shilingi 180,000 na vitadumu miaka minne, yaani shilingi 45,000 kwa mwaka. Na kwamba intaneti, stima ya kuanzia, usafi na matengenezo hula shilingi 4,000 kila mwezi, awepo mpangaji asiwepo. Tuseme pia mwenye nyumba ana vyumba vingine, hivyo kodi zake kwa mwaka zimevuka shilingi 288,000 na anakatwa ushuru wa mapato ya nyumba za makazi, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5. Nyumba tupu ikikaliwa miezi 11 inamwachia shilingi 152,625. Nyumba yenye fanicha ikikaliwa miezi tisa tu inamwachia shilingi 131,775, pungufu ya ile tupu, licha ya kodi inayokaribia maradufu. Ikikaliwa miezi 11 inamwachia shilingi 181,725. Mpaka kati ya kuishinda nyumba tupu na kushindwa nayo uko karibu na miezi kumi ya ukaaji. Kuna jambo jingine linalosahaulika hapa: ushuru huo hutozwa kwenye kodi yote kabla ya kutoa gharama, kwa hiyo hata ile sehemu ya kodi inayorudisha pesa za sofa inakatwa asilimia 7.5, isipokuwa mwenye nyumba amwandikie Kamishna wa ushuru kutaka kutozwa kwa utaratibu wa kawaida wa mapato na gharama. Tarakimu hizi unaweza kuzibadilisha upendavyo; umbo la hesabu litabaki hilo. Mpangaji anayevutwa na picha kisha akahama baada ya wiki sita ni hasara. Anayekaa mwaka ndiye anayelipia kitanda. Basi swali la mpambaji linageuka kutoka "nini kitamfanya apige simu?" hadi "nini kitamfanya asitafute nyumba nyingine?"

Kwa Migori na Homa Bay jibu linaanzia kwenye maji. Ni kinaya kinachojulikana na kila mkazi: ziwa kubwa kuliko yote Afrika liko mbele ya macho, na mji huamkia mikokoteni ya mitungi ya lita 20. Kwa hiyo picha ya kwanza ya tangazo, ile inayotangulia hata sebule, ingefaa kuwa ya tangi lenye kipimo chake kinachosomeka, pampu, na mfereji wa jikoni ukitoa maji. Nimesema picha, lakini video ya nusu dakika ni bora, kwa sababu si rahisi kuighushi. Kisha mbu. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 ulikuta vimelea katika asilimia 19 ya watoto wa umri wa miezi sita hadi miaka 14 waliopimwa katika ukanda wa ziwa, ilhali kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 6. Mhandisi anayetoka Nyeri hajui takwimu hizo, ila anajua kwamba anakwenda penye malaria. Wavu mzima madirishani na chandarua kilichotundikwa vizuri juu ya kitanda cha futi tano kwa sita humtuliza kuliko mto wenye maandishi ya dhahabu. Wapambaji wengi huvua chandarua kabla ya kupiga picha wakidhani kinaharibu mandhari. Wanaficha bidhaa yao bora.

Jikoni ndiko kuiga Nairobi kunakojianika zaidi. Utakuta glasi sita za mvinyo, ubao wa jibini na mashine ya kahawa isiyo na kahawa, na usikute sufuria nzito ya ugali, mwiko, wala karai la kukaangia samaki. Mtu atakayekaa miezi minane kando ya ziwa hawezi kuishi kwa mikahawa, wala hataki. Akiona mtungi wa gesi uliojaa, sufuria tatu za ukubwa tofauti na kisu kinachokata, anajua kwamba aliyeiandaa nyumba amewahi kupika. Meza nayo. Wapangaji hawa huleta kazi nyumbani: ripoti, alama za wanafunzi, mahesabu ya mradi. Meza imara yenye kiti cha kimo kinacholingana nayo, soketi karibu, na taa ya betri kwa jioni stima inapopotea, ina thamani kuliko sofa la viti saba katika sebule inayotosha viti vitatu. Kuhusu njia ya kufika, ukweli mtupu unatosha: picha za Januari, wakati ardhi ni kavu, zitamwaibisha mwenye nyumba mwezi wa Aprili gari la mpangaji likinasa kwenye udongo mweusi.

Atatokea wa kusema kwamba nimeudharau uzuri, na kwamba mtu huchagua kwa macho kabla ya kufikiri. Pingamizi hili lina uzito. Mpangaji anayepitia matangazo 20 kwenye simu hawezi kusimama kwenye tangi ikiwa sebule inaonekana kama bohari, na nyumba iliyopakwa rangi nyeupe, ikafagiliwa na kufunguliwa mapazia huingiza mwanga ambao hakuna kipimo cha tangi kinachoweza kuushinda. Nakubali pia kwamba methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza haisaidii sana hapa, kwa kuwa kizuri kisichoonekana kutoka Nairobi hakijiuzi. Ninachokikataa ni mpangilio wa matumizi. Rangi, usafi na mwanga ni rahisi, na vinafaa kila mahali. Kinachomaliza pesa ni yale mapambo ya juu yake, yaani karatasi za ukutani zinazobanduka kwa unyevu wa ziwa, mazulia ya manyoya yanayoshika vumbi la Migori na taa za rangi zinazoungua na mawimbi ya stima, na hayo ndiyo yasiyoongeza hata mwezi mmoja wa ukaaji. Anayetaka nyumba iwe na sura ya mahali pake ana mafundi karibu. Mikeka na viti vya mafunjo na vya gugumaji hutengenezwa kandokando ya ziwa, sanamu na bakuli za mawe hutoka Tabaka, mwendo mfupi tu kutoka Rongo, na seremala wa jua kali atatengeneza kitanda. Vitu hivyo hupendeza pichani, na vikivunjika aliyevitengeneza anapatikana.

Pingamizi la pili linatoka kwa walioiona Homa Bay mwaka 2025. Sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika huko tarehe 1 Juni, na Agosti ukafuata Mkutano wa Ugatuzi. Vyumba vilitafutwa kwa udi na uvumba, na watu wengi wakaamua kwamba hela iko kwa mgeni wa siku mbili anayelipa bila kuuliza. Lakini tangu mwaka 2016, zilipofanyika Nakuru, sherehe za Madaraka zimekuwa zikizungushwa mikoani, na kaunti ni 47. Anayenunua fanicha kwa ajili ya siku kama ile anasubiri zamu ambayo huenda isirudi kabla godoro halijaoza. Mikutano midogo ipo, watalii wa hifadhi ya Ruma na visiwa vya Rusinga na Mfangano wapo, na kwa nyumba iliyo ufuoni kule Mbita hesabu yaweza kuwa tofauti na hii niliyoifanya. Kwa ploti iliyo nyuma ya soko la Migori, mgeni wa siku mbili ni nyongeza ya kujazia pengo kati ya wapangaji wawili.

Mgeni huyo wa siku mbili huleta pia suala la usalama. Januari 2024, baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za kukodisha kwa muda mfupi jijini Nairobi, serikali iliwaagiza wenye nyumba hizo wajisajili kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Tangu hapo jina la Airbnb limebeba shaka hata katika miji ambayo haikupatwa na mkasa huo, na majirani wenye watoto hawaifurahii nyumba ambayo milango yake hufunguliwa na sura mpya kila Ijumaa. Wengine huona hilo kuwa suala la polisi na maadili, lisilohusu urembo. Naliona ni urembo hasa. Muuguzi wa kike anayerudi zamu ya usiku huitazama nyumba kwa kuanza na taa ya lango, kitasa kilichobadilishwa baada ya mpangaji aliyepita, komeo la ndani, daftari la wageni na askari anayejua majina. Vitu hivyo vinaweza kupigwa picha, na ni vichache mno vinavyopigwa.

Linabaki pingamizi gumu kuliko yote: kwamba mpangaji niliyemjengea hoja anaweza kutoweka. Homa Bay, moja ya kaunti zilizoathirika zaidi na virusi vya Ukimwi nchini, imekuwa na mashirika ya afya kwa miongo mingi. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi huko mwaka 1996. Sehemu kubwa ya miradi iliyofuata katika ukanda wa ziwa ilitegemea fedha za Marekani. Januari 2025 fedha hizo zilisimamishwa ghafla, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Maafisa wa miradi wakipoteza kazi, nyumba zao hubaki na sofa na mwangwi. Dhahabu nayo hupanda na kushuka, barabara hukamilika, wahandisi wakaondoka. Hatari hii siwezi kuikanusha, ila naona inaunga mkono fanicha ya kiasi inayohamishika: kitanda kinachofunguliwa kwa bisibisi, meza isiyopigiliwa ukutani, kabati la kusimama badala ya lile lililojengwa kwa vipimo vya chumba kimoja. Nyumba iliyoandaliwa hivyo hurudi kuwa tupu kwa siku moja, vyombo vikauzwa au vikapelekwa Awendo kiwanda kinapoajiri. Ile iliyofunikwa kwa dari ya jipsamu yenye ngazi tatu na ukuta wa runinga wa marumaru bandia imefungwa kwa mpangaji mmoja wa kufikirika.

Kwa nyumba hiyo ya kiasi, orodha ya vitu iliyotiwa sahihi siku ya kuingia, ikiwa na picha ya kila kimoja na bei yake, humlinda mwenye nyumba dhidi ya sofa lililochomwa pasi, na humlinda mpangaji dhidi ya amana inayoliwa kwa kisingizio cha kijiko. Asiyependa kuandika orodha, wala kukagua tangi kila Jumatatu, wala kubadilisha vitasa, afadhali aiache nyumba tupu. Homa Bay na Migori bado wapo walimu, wauguzi na wafanyabiashara wengi wenye vitanda vyao wenyewe, na shilingi zao 15,000 huingia mwezi kwa mwezi bila mwenye nyumba kununua hata mwiko.